Mate ya Baba Mkwe

Hamphrey alikuwa anauza aina nne za dawa ya meno, na yeye mwenyewe hakuwa anapiga mswaki. Tuanzie hapo, maana yaliyobaki yote yalitokea humo humo mdomoni.

Duka lake lilikuwa kijiji cha tatu kusini ya Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mkabala na ghala la ushirika ambalo siku hizo halikuwa na hata punje. Serikali ilikuwa imefungulia biashara, ushirika ukalala, na watu wa aina ya Hamphrey wakaamka. Alishuka kutoka Namswea, milimani, mwaka wa tisini na magunia sita ya maharage, akayauza, akaliona ziwa, akaona watu wanafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, akasema huku ndiko Mungu alikomtuma. Akamwoa Luisa, binti wa Mzee Kilian, akapaka duka rangi ya kijani. Kufikia mwaka wa tisini na nne miswaki ilining'inia dirishani kwake kama usipa, dagaa wa ziwani, ulioanikwa. Ukimuuliza upi mzuri anakupa hotuba, na hotuba yenyewe anaitoa huku ameziba mdomo kwa leso.

Leso hiyo ilikuwa na historia yake. Miaka miwili nyuma Hamphrey alipiga mswaki akaona damu. Kesho yake akapiga tena, damu tena. Mtu mwingine angekwenda kuuliza hospitali. Yeye alikaa, akafikiri kiutu uzima, akaamua kwamba kinachomtoa damu ni mswaki, kwa hiyo dawa ni kuachana na mswaki. Wiki ile ile damu ikapungua, akajipongeza sana. Lakini fizi hazikujua kwamba amejipongeza. Zilivimba, zikaiva, meno mawili ya chini mbele yakaanza kucheza, na harufu ikaja kukaa moja kwa moja. Luisa alilala akiwa ameugeukia ukuta.

"Baba Ottilia," alimwambia asubuhi moja, "hicho ni kiseyeye. Mto wako wa kulalia una damu. Nenda wakakuone."

"Nina mafua ya meno," alisema Hamphrey, akatia pipi ya minti mdomoni.

Jamani, mafua ya meno. Mtu mwenye mdomo wa namna hiyo ungetegemea akae kimya, auze sabuni yake, amshukuru Mungu. Hamphrey akagombea udiwani.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilimuuma kuliko fizi. Kule juu, Namswea, kaka zake wana kahawa, na kila akipanda kwenda msibani au harusini wanamcheka kwamba ameshukia ziwani kula mhogo. Mbinga mjini bado walimwita Yule wa Maharage. Alitaka siku moja aingie kwenye kikao cha halmashauri, mtu amvutie kiti, aseme, "Karibu, Mheshimiwa." Neno hilo alikuwa analilalia na kuamka nalo. Alikwisha kulijaribu mbele ya kioo cha dukani, na leso ikiwa mkononi.

Mpinzani wake alikuwa Isidori, mchonga mitumbwi, mtu mrefu asiye na meno mawili ya juu, ambaye alicheka mdomo wazi kama mlango wa kanisa siku ya Jumapili. Ulikuwa ni mwaka ule wa kwanza madiwani kuchaguliwa kwa vyama vingi, kila chama kina kofia zake na kipaza sauti chake kibovu, na watu walikuwa bado hawajazoea kuona mgombea anatukanwa hadharani na kesho yake jua linachomoza. Walifurahia mno.

Isidori hakumtukana. Alisimama kwenye mkutano wake, akasema taratibu: "Mimi namheshimu ndugu Hamphrey. Swali langu ni moja tu. Mtu mwenye maboksi ya dawa ya meno hadi darini, mbona anaongea na sisi kupitia leso?"

Watu waliangua kicheko kilichosikika hadi dukani. Kuanzia jioni ile, watoto wakija kununua chumvi waliziba midomo kwa viganja. Hamphrey alihesabu siku zilizobaki kabla ya uchaguzi, zilikuwa kumi na sita. Akajua kabisa, bila kuambiwa na mtu, kwamba kiti kile hakiko tena kwenye barabara wala kwenye bomba la maji. Kiti kimehamia mdomoni mwake.

*

Sasa wiki hiyo hiyo alikuwa amefika Tabibu Gertruda. Huyu alikuwa tabibu wa meno, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, anapita vijiji vya ziwani na boti ya mradi fulani wa utafiti. Alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku chupa ndogo ndogo, vikaratasi vyeupe, na kichupa cha dawa ya maji. Alipewa ghala tupu la ushirika afanyie kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mate. Alieleza vizuri, mtu hawezi kusema hakueleza. Fizi zikianza kuugua, alisema, damu inavuja kidogo kidogo, jicho halioni, ulimi hauonji, lakini inachanganyika na mate. Unatema mate asubuhi kabla ya kula, yeye anayagusisha kwenye karatasi, anadondoshea ile dawa, na kama kuna damu iliyojificha karatasi inageuka buluu. "Karatasi haitoi hukumu," alisema. "Inanisaidia tu kujua nianze kufungua mdomo wa nani. Nikiwahi, meno yanapona. Nikichelewa, nakuja na koleo."

Watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakaenda zao. Siku ya kwanza alipata watu wanne, siku ya pili saba, na katika hao saba watatu walikuwa wageni. Mate ya mtu hayaachwi kwa mgeni aondoke nayo kwenye boti. Nywele utazichoma, kucha utazifukia, lakini mate yaliyofungwa kwenye chupa yenye jina lako? Yakifika huko yanakokwenda nani atajua yamefanyiwa nini? Hata Luisa, aliyesoma hadi darasa la saba, alisema atafikiria.

Ndipo Pankras akatuokoa, au akatuangamiza, inategemea ulikuwa unampigia nani. Pankras alikuwa mpambe wa Hamphrey, kijana wa maneno mengi, anayeshika kipaza sauti kama mtu anayekula muwa. Kwenye mkutano wa Jumatano alisikia watu wa nyuma wanasema "leso, leso", damu ikamchemka, akatangaza bila kumuuliza mwenye mdomo: "Mgombea wetu atapimwa mate Jumamosi, ghalani, mbele ya kata nzima. Na huyo mchonga magogo naye aje, kama ana ubavu."

Makofi yalipigwa. Hamphrey, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, alikandamiza leso mdomoni. Alisimama, akapunga mkono, kwa sababu mgombea hana kitu kingine cha kufanya. Isidori alitumiwa habari, akajibu kwamba atakuja, na kama karatasi ikimkataa atashukuru kujua.

Tabibu Gertruda hakupenda. "Mimi sipimi kura," alimwambia Pankras. Lakini alifikiri chupa zake tupu, akafikiri kwamba wakubwa wakitema na wadogo watatema, akakubali. Ijumaa jioni aliwaita wagombea wote wawili, akawapa kila mmoja chupa yenye plasta na jina.

"Mteme alfajiri, nyumbani, kabla ya kula na kabla ya kusukutua," alisema. "Na tangu sasa msitafune kitu kibichi. Nyama, samaki, wala mhogo mbichi. Kuna vitu vibichi vina asili ya kuichezea hii dawa, karatasi inageuka buluu na damu haipo. Mmenielewa?"

Isidori alirudia yote kwa sauti, neno kwa neno, kama katekisimu. Hamphrey aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa ameitazama ile chupa, na wazo lilikuwa limeshaingia, na wazo likiingia kichwani mwa Hamphrey linafunga mlango nyuma yake.

*

Katika kata nzima kulikuwa na mdomo mmoja ambao hakuna aliyeutilia shaka, nao ni wa Mzee Kilian. Alikuwa na miaka sabini na ushee na meno yote, meupe, yamepangana kama mahindi mabichi kwenye gunzi. Alifungulia chupa za soda kwa hayo. Na huyo ndiye baba mkwe.

Unaanzaje kumwomba baba mkwe mate? Kwa kweli jambo lenyewe ni jepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu wazee wetu mate wanatoa, tena bure. Kijana anasafiri, anaingia kwenye mtihani, anaoa, anakwenda kwa mzee, mzee anamtemea kifuani, anamwambia nenda salama. Hiyo ndiyo baraka. Na Hamphrey alikuwa anaingia kwenye uchaguzi. Nani angeshangaa akiomba baraka?

Alfajiri ya Jumamosi alitia chupa mfukoni. Luisa alikuwa tayari ameamka, anafagia uwanja.

"Hiyo chupa si utemee hapa?" aliuliza. "Ina jina lako."

"Kusoma najua," alisema Hamphrey, akaondoka.

Alifika kwa mkwewe, akachuchumaa mbali, hatua saba au nane kutoka kizingitini, uso chini. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe humtazami usoni, humsogelei, na mdomo wake hasa huutazami kabisa, maana kumwona mkwe akitafuna ni kumvua nguo. Hamphrey, kwa makosa yake yote, heshima hii aliishika barabara. Alikuwa mtu wa milimani kwenye nchi ya wenzake, na hakutaka mtu aseme Wamatengo, watu wa kwao, hawana adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umeamka na jambo."

"Leo ni siku yangu, baba. Nimekuja kuomba baraka."

Mzee Kilian alifurahi. Miaka minne mkwe huyu hakuwahi kumwomba kitu cha maana zaidi ya kibiriti. Alisimama, magoti yakalia, akaanza kumsogelea. Hamphrey akainua mkono, na chupa ndani yake, macho bado yako mchangani.

"Baba, naomba uitemee humu."

Kuku alipita katikati yao.

"Baraka inatemwa kifuani, mkwe," alisema mzee. "Sijasikia ya chupani."

"Kampeni bado ni ndefu, baba. Ya kifuani nitaioga kesho. Ya chupani nitatembea nayo mfukoni hadi siku ya kura."

Ni uongo mzuri, lazima tumpe haki yake. Hata mzee aliuona una mantiki. Alinung'unika kidogo, akasema dunia imebadilika, kila kitu sasa kinauzwa kwenye chupa, akaingia ndani. Hamphrey alisikia kisu kinakwangua kitu. Akasikia kacha, kacha, kacha, mtafuno mrefu wa polepole. Aliona vidole vyake mwenyewe vya miguu, na kokoto tatu, na kinyesi cha mbuzi. Alifikiri mzee anakusanya mate. Mtu wa ziwani, hata mtoto, angejua palepale kinachotafunwa ni nini na kwa nini. Lakini mtu wa ziwani asingekuwa na chupa.

Ikarudi mkononi mwake, ina joto, imejaa nusu. Alishukuru mara tatu, akarudi kinyumenyume mpaka njiani, akafunga kizibo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajisikia mwepesi. Njia nzima alikuwa anajiita Mheshimiwa.

*

Ghalani watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye jukwaa la mzani. Wazee walipewa benchi la mbele, Mzee Kilian akiwa katikati, amevaa koti. Hamphrey alimwona, na kitu kidogo kilimchoma, lakini alijiambia chupa ni chupa, zote zinafanana.

Tabibu Gertruda alitandika kitambaa cheupe mezani. Akaanza na Isidori, ambaye alisema mbele ya wote, "Kama yapo mabaya yasemwe, nina watoto sita wa kulisha na mdomo huu." Karatasi ikaguswa, dawa ikadondoshwa. Watu wa nyuma walisimama juu ya mawe. Hakuna kitu. Kisha, mtu angeweza kusema sala ya Baba Yetu yote, ukingo wa karatasi ukaanza kuingia buluu hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.

"Kidogo," alisema Gertruda. "Kuna fizi inaanza. Nitakuona Jumatatu, inapona hiyo."

Kofia za Hamphrey zilirushwa juu. Pankras alianza wimbo. Isidori alijikuna kichwa, akasema, "Basi nimejua," akakaa.

Hamphrey alitembea hadi mezani taratibu, akaweka chupa chini kama padri anaweka kikombe. Aliondoa leso mdomoni, kwa makusudi, aonekane. Tabibu aligusisha karatasi, akainua kichupa cha dawa, tone likaanguka.

Buluu. Hata hajarudisha kichupa mezani. Buluu ya sare za shule, buluu iliyoiva, ikaenea karatasi nzima na kuvuka mpaka kwenye vidole vya Gertruda. Wimbo wa Pankras ulikatikia katikati ya mstari.

Tabibu aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akaona chembe nyeupe zinazunguka chini. Akakunja uso. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ndiyo iliyommaliza Hamphrey.

"Hii imewahi mno," alisema. "Damu haiji haraka hivi. Ndugu mgombea, umetafuna mhogo mbichi leo?"

Tazama sasa mlango uliofunguliwa. Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Ndiyo, tabibu, nilisahau, nilitafuna kipande njiani, samahani. Wangecheka, wangempa chupa nyingine ya kesho, naye angepata usiku mzima wa kutafuta mate mengine. Lakini Hamphrey hakusikia mlango. Alisikia kaka zake wa Namswea. Alisikia kwamba anaulizwa, mbele ya kata nzima, kama anatafuna mhogo mbichi kama mbuzi.

"Tabibu," alisema, tena kwa sauti ya jukwaani, "mimi ni mtu wa mahindi. Mhogo mbichi haujawahi kupita mdomoni mwangu tangu nizaliwe."

Watu mia tatu ambao walikuwa wamekula mhogo jana, na wangekula leo, na kesho wakijaliwa, walimtazama. Bibi mmoja, Margareta, muuza vitumbua, akauliza bila hata kusimama: "Si wiki iliyopita ulituambia umekulia mhogo? Kwamba damu yako ni ya mhogo?"

"Ilikuwa ni kampeni," alisema Pankras, akifikiri anasaidia.

Kicheko kilianzia mlangoni. Kilipofika mbele kilikufa ghafla, kwa sababu Mzee Kilian alikuwa amesimama. Alikuwa hamtazami mkwewe. Alikuwa anatazama chupa.

"Tabibu," alisema, "mhogo huo nimeutafuna mimi."

Gertruda aligeuka.

"Sisi huku tukimbariki mtu hatumtemei mate matupu. Tunatafuna kwanza chakula kinachotulisha, ili asipungukiwe huko anakokwenda. Huyu mkwe wangu alikuja alfajiri kuomba baraka. Akanipa chupa. Mimi ni mzee, nikafikiri labda ndiyo mambo mapya." Taya zake nzuri zilifanya kazi. "Nilimpa baraka. Kumbe alikuwa anaileta ipimwe."

Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hamphrey aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia miguuni. Alitafuta leso, ikawa imeanguka chini ya meza.

Tabibu Gertruda alifungua sanduku, akatoa chupa mpya, akamsogezea.

"Basi bado sijayaona yako," alisema. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Tema."

"Sina mate."

"Subiri. Yatakuja."

Walisubiri. Kata nzima ilisubiri mate ya Hamphrey. Mwishowe aliinama, akatema, na akaiweka chupa mezani kwenye kitambaa cheupe. Gertruda alichukua karatasi, akaitazama chupa, akairudisha karatasi sandukuni. Hapakuwa na haja. Mate yalikuwa mekundu, waliyaona mpaka wa kwenye jukwaa la mzani.

"Angalau mimi nilihitaji karatasi," alisema Isidori, kwa upole kabisa.

*

Isidori alishinda. Kura za Hamphrey hazikutosha kujaza kofia moja kati ya zile alizogawa, na inasemekana nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na mgawanyiko. Mtu mmoja tu alifaidika moja kwa moja siku ile ya ghalani, naye ni Gertruda. Foleni ya watu waliotaka kutema ilifika hadi njiani, kwa sababu baada ya kuona ya Hamphrey kila mmoja aliona ya kwake ni afadhali.

Siku tisa baada ya kura jino la kwanza lilibaki kwenye kipande cha ugali. Hamphrey alilishika kiganjani akalitazama kwa muda mrefu. Luisa hakusema nilikuambia. Alisema tu, "Nenda kwa baba kwanza."

Akaenda. Akachuchumaa pale pale, hatua nane, uso chini.

"Nimekuja kuomba radhi, baba. Na baraka. Naenda hospitali, naogopa."

Hili la kuogopa lilikuwa kweli, na mzee alisikia kwamba ni kweli. Lakini kisu hakikukwangua kitu.

"Radhi nakupa," alisema Mzee Kilian. "Baraka yako nilishaitoa. Kama unaitaka, kamwombe tabibu, anayo yeye."

Jumatatu Hamphrey alipanda boti kwenda Liuli, hospitalini, kwenye kliniki ya Gertruda. Kwenye benchi la kusubiri alikuta watu kumi na moja, wote wapiga kura wa kata yake. "Karibu, Mheshimiwa," alisema Bibi Margareta, akamsogezea nafasi, na benchi zima likaitikia karibu, kwa adabu kubwa. Ndivyo alivyolipata neno lake. Alijibu asante bila leso, kwani leso alikuwa ameiacha nyumbani.

Tabibu alimwambia meno mawili yameshakwenda, mengine yatapona, lakini ni miezi, si siku, na mswaki kila asubuhi na kila jioni hata kama damu inatoka. "Hasa kama inatoka," alisema. Akamlaza kwenye kiti, akamwinamishia taa, akamwambia afumbue mdomo auache hivyo hivyo.

Mbele yake ukutani Gertruda alikuwa amebandika vikaratasi vya kufundishia, kila kimoja na maelezo yake kwa herufi kubwa. Kimoja kilikuwa cheupe: MZIMA. Kimoja buluu hafifu, ambacho Isidori alikitoa kwa hiari na jina lake akaacha liandikwe: FIZI INAANZA KUUGUA. Cha tatu kilikuwa buluu ya sare za shule, ukingo kwa ukingo, na chini yake kumeandikwa: HUU NI MHOGO MBICHI, SI UGONJWA.

Hamphrey aliitambua baraka yake. Alitaka kumwomba tabibu aibandue ampe, hata aiweke mfukoni tu arudi nayo nyumbani. Lakini vidole vya Gertruda vilikuwa mdomoni mwake, na vyuma viwili, na pamba. Akaendelea kuitazama, mdomo wazi.